Bampa Nyeusi, Madoa Meupe: Mng'aro Unaolipiwa Mara Mbili

Ukiyatazama magari yaliyopangwa stendi ya Migori au ya Homa Bay, nchini Kenya, Jumamosi asubuhi, yakiwa yametoka kuoshwa kwa ajili ya shughuli za wikendi, utaona jambo ambalo wenye magari wamelizoea hata hawalisemi tena. Bati limeng'aa, vioo vimetakata, matairi ni meusi tititi. Lakini pembezoni mwa bampa, kuzunguka vitasa vya milango na chini ya vioo vya pembeni, plastiki nyeusi imebaki na michirizi myeupe, mikavu, iliyoganda ndani ya vibonde vyake. Wapo wanaoiita uchafu na kuagiza gari lisuguliwe tena. Wapo wanaosema plastiki imezeeka na hakuna la kufanya. Hoja ya makala haya ni kwamba mara nyingi si uchafu wala si uzee. Ni nta iliyokauka, na iliwekwa pale na mkono uleule uliolipwa kulisafisha gari. Dawa zinazotumika kuiondoa, yaani dizeli, mafuta ya taa, oili chafu na ile dawa ya kung'arisha matairi, haziiondoi. Zinaifunika mpaka mwenye gari afike barabarani. Kinachoiondoa kweli ni kazi ya polepole inayotumia vitu dhaifu vya bei ndogo, na kazi hiyo haifanyiki kwa sababu hakuna anayeilipia.

Kwanza tuangalie gari lenyewe. Katika barabara zinazounganisha Isebania, Migori, Awendo na Rongo, na zile zinazokwenda Rodi Kopany, Ndhiwa, Mbita na Oyugis, gari linaloonekana kila kona ni Toyota Probox. Kampuni ya Toyota ililitoa mwaka 2002 likiwa gari la kazi la wafanyabiashara wa Japani: la kubeba sampuli, vipuri na makaratasi ya ofisi, lisilo na madoido. Kwa kuwa lilikusudiwa kuwa la bei nafuu, nyingi za toleo la kwanza, hasa za daraja la chini, ziliachiwa bampa nyeusi zisizopakwa rangi. Mjapani aliyelibuni alikuwa na akili: bampa isiyo na rangi ikikwaruzwa haihitaji fundi wa kupuliza. Kasoro yake ni kwamba plastiki hiyo haina tabaka la kuikinga. Kila kinachoigusa kinaigusa yenyewe, kiwe ni jua, vumbi, dizeli au nta.

Kisha kuna umri. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Ndivyo kiwango cha KS 1515 kinavyosema. Toleo la kwanza la Probox lilipisha toleo jingine mwaka 2014, kwa hiyo zile zenye bampa nyeusi za kizamani unazoziona leo zina zaidi ya miaka 10, na miaka kadhaa kati ya hiyo zimeipitisha chini ya jua la ikweta. Homa Bay iko takriban nusu digrii kusini ya ikweta, Migori takriban digrii moja, na Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na kipimo cha miale ya urujuanimno saa sita mchana hufika 11 na zaidi. Plastiki iliyopigwa na jua hilo kwa mwongo mzima haibaki laini kama ilivyotoka kiwandani. Uso wake hufunguka, ukawa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho, na nyufa hizo ndizo nyumba ya nta.

Plastiki ya bampa kwa kawaida ni ya jamii ya polipropilini, iliyochanganywa na mpira kidogo ili isipasuke ikigongwa, na kutiwa masizi ya kaboni ili iwe nyeusi. Masizi hayo hayapo kwa urembo tu. Ndiyo yanayolifanya tangi jeusi la maji lidumu juani kwa miaka, maana kaboni hunywa miale ya jua kabla haijakata minyororo ya plastiki. Juu ya hayo, viwanda huipa plastiki isiyopakwa rangi uso wa chembechembe wenye vinundu na vibonde, ili mikwaruzo isionekane. Sasa chukua nta ya gari ya kawaida. Ndani yake mna nta yenyewe, mara nyingi ya kanauba, ambayo hutoka kwenye majani ya mtende unaomea kaskazini mashariki mwa Brazil, au nta ya petroli. Mna kiyeyusho cha kuifanya iwe laini ili ipakike. Na katika zile za bei rahisi zinazoahidi kusafisha na kung'arisha kwa mpigo mmoja, mna unga laini sana wa madini wa kusugulia. Juu ya rangi ya gari, ambayo ni laini kama kioo, kitambaa hupita na kuondoka na unga wote. Juu ya plastiki ya chembechembe, kitambaa hupita kwenye vinundu na kuuacha unga vibondeni. Kiyeyusho kinaruka hewani, nta inaganda, unga unabaki mweupe. Michirizi imezaliwa hapo, wala haikutoka barabarani.

Ugumu wake una sababu ambayo watu wengi hawaijui. Nta na polipropilini ni ndugu. Zote mbili kwa sehemu kubwa ni minyororo ya kaboni na hidrojeni. Tofauti kubwa ni urefu, kwa kuwa minyororo ya plastiki ni mirefu mno na ya nta ni mifupi. Ndiyo maana nta hukumbatia plastiki hii kuliko inavyokumbatia chuma kilichopakwa rangi, na ndiyo maana pia kiyeyusho chochote chenye nguvu ya kuiyeyusha nta haraka huwa ni jamaa wa plastiki vilevile. Dizeli ni minyororo ya kaboni na hidrojeni. Mafuta ya taa ni hayohayo, mepesi kidogo. Petroli, nyepesi zaidi. Haziwezi kuiyeyusha bampa, hilo ni kweli, lakini plastiki hunywa kiasi chake na kufura kidogo, kisha inapokauka hubaki imelegea zaidi usoni kuliko ilivyokuwa. Anayetafuta kitu kikali cha kung'oa nta ajue kwamba ukali huo hauchagui.

Lakini mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama dizeli haifai, mbona bampa iliyofutwa kwa dizeli inarudi nyeusi papo hapo, mbele ya macho ya kila mtu? Jibu liko katika mwanga. Plastiki yenye nyufa na unga vibondeni huonekana nyeupe au kijivu kwa sababu mwanga unaopiga pale hutawanyika kila upande. Ukijaza nyufa hizo kimiminika chochote, hata maji matupu, mwanga hautawanyiki tena na weusi wa ndani unaonekana. Jaribu maji: pale yanapolowesha, bampa itarudi nyeusi kwa dakika chache na kufifia ikikauka. Dizeli hufanya kazi hiyohiyo ya maji, ila inachelewa kukauka. Oili chafu inachelewa zaidi. Silikoni ya kung'arisha matairi inachelewa zaidi ya zote, na ndiyo maana huonekana kama dawa ya kweli. Lakini unga wa nta uko palepale chini yake. Katika barabara ya vumbi jekundu kama zile za Nyatike, uso wenye mafuta unakamata vumbi kabla gari halijamaliza safari ya kwanza, na baada ya siku chache bampa ina nta ya zamani, mafuta ya juzi na vumbi la leo, vyote vimeshikana. Mwenye gari anarudi kuoshwa. Analipia mng'aro mara ya pili, na kwenye bati inapakwa nta tena, na pembezoni inagusa plastiki tena.

Kuna hasara nyingine za dawa hizi zisizoonekana siku hiyohiyo. Raba za milango na za madirisha katika magari ya kisasa hutengenezwa kwa mpira unaostahimili jua na mvua vizuri sana, lakini usiostahimili mafuta ya petroli. Mpira huo ukilowa dizeli mara kwa mara hufura na kulegea, na mvua ya masika huingia ndani ya gari. Oili chafu iliyotoka kwenye injini hubeba vipande vya metali na kemikali za mwako zinazohusishwa na saratani ya ngozi, na kijana anayeipaka kwa kiganja kitupu kuanzia asubuhi hadi jioni ndiye anayeilipia gharama hiyo. Silikoni nayo ina kisasi cha pekee: siku ukiamua kuipeleka bampa kwa fundi wa juakali aipulize rangi, rangi itajikunja na kuacha vijishimo duara kila mahali silikoni ilipopenya, na fundi atalaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Kuhusu petroli sina la kuongeza. Mvuke wake hushika moto hata penye baridi, na anayeitumia karibu na jiko la chai au sigara hahitaji makala ya kumwonya bali polisi.

Kabla ya kuondoa chochote ni lazima kujua kilichopo, kwa maana weupe wa bampa si wa aina moja. Nta iliyokauka hukaa kwa michirizi na madoa, karibu na mpaka wa plastiki na bati, ambapo kitambaa kilipitiliza. Maji yakimwagwa juu yake huviringika na kukimbia. Plastiki iliyoungua na jua hufifia kwa usawa, zaidi kwenye sehemu zinazoelekea juu, na maji yakimwagwa hulala na kuilowesha. Weupe wa tatu ni wa chumvi za maji ya kisima: alama za matone, zenye ukingo, zinazoondoka kwa siki kidogo iliyochanganywa na maji. Kipimo rahisi kuliko vyote ni raba ya mwanafunzi, ile ya kufutia penseli. Sugua sehemu ndogo kama ukucha. Weupe ukitoka pamoja na makombo ya raba, ni nta. Usipotoka, usiendelee kusugua. Unachokipigania ni plastiki yenyewe.

Na raba hiyo si kipimo tu, ni dawa pia, pengine bora kuliko zote kwa michirizi myembamba. Inakamata nta iliyokauka na kuibeba, inaingia vibondeni kwa sababu ni laini, na ni dhaifu mno kuweza kukwaruza bampa. Inachosha mkono, hilo halifichiki, na haifai kwa bampa nzima. Kwa eneo kubwa, njia ya busara ni joto na sabuni. Nta ya kanauba safi huyeyuka kati ya nyuzi 82 na 86 za selisiasi, ya petroli chini ya hapo, na ndani ya mchanganyiko wa dukani hulainika mapema zaidi; polipropilini inahitaji karibu nyuzi 160 ndipo iyeyuke. Katika mwinuko wa Homa Bay maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo nafasi kati ya kulainisha nta na kuharibu plastiki ni pana. Hata hivyo hakuna haja ya kumwagia bampa maji yanayotokota, kwa sababu plastiki hulegea umbo kabla ya kuyeyuka, na mkono wa msafishaji haujatengenezwa kwa polipropilini. Maji ya moto ambayo kiganja kinaweza kuvumilia, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na mswaki wa zamani wenye nyuzi laini. Kandamiza kitambaa cha moto dakika moja au mbili, sugua kwa mswaki kwa mizunguko midogo, na usuuze kabla povu halijakauka. Rudia. Mara ya kwanza itaondoa nusu, ya pili itaondoa sehemu kubwa ya iliyobaki. Sabuni ya unga ya kufulia ni bora iachwe, maana ni kali na yenyewe huacha weupe ikikaukia vibondeni, na hapo utakuwa umebadilisha doa moja kwa jingine.

Palipogoma ndipo watu hutaja siagi ya njugu. Ushauri huu umezunguka dunia nzima kwa wapenda magari, na kusini mwa Nyanza, ambako njugu karanga hulimwa na kusagwa nyumbani, hauhitaji hata kwenda dukani. Je, ni uchawi au ni sayansi? Karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta, na takriban robo ni protini. Mafuta hulainisha nta kwa upole, pasipo nguvu ya dizeli, na chembe za njugu zilizosagwa husugua vibondeni bila kukwaruza. Hayo ni ya kweli na yanatosha kueleza kwa nini inafanya kazi. Lakini nadhani sifa zake zimezidi kimo. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kilichotiwa kwenye kitambaa, kikaachwa dakika kumi kisha kikasuguliwa kwa mswaki na kuoshwa kwa sabuni, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa namna yoyote, mafuta ya chakula lazima yaoshwe yote. Yakiachwa huchacha, huita sisimizi na kukamata vumbi, na mwenye gari atakuwa ameigeuza bampa kuwa meza isiyofutwa.

Hapa kuna pingamizi la heshima ambalo mkulima wa njugu wa Ndhiwa atalitoa: njugu ni chakula, na ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, vipi zipakwe bampa? Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo sababu nyingine ya kuiweka njugu nyuma ya raba, maji ya moto na sabuni. Panapohitajika, kijiko cha chai kinatosha kwa pembe zote nne za gari. Anayetaka kupaka kopo zima hana tatizo la nta.

Mwisho kabisa, kwa mabaki machache yaliyokataa yote hayo, ipo tapentaini ya madini inayouzwa hadiwea kwa wapaka rangi. Nayo ni ya ukoo wa dizeli, na sitaki nionekane nimeingiza kwa mlango wa nyuma nilichokifukuza mlangoni. Tofauti iko katika matumizi: matone machache kwenye kitambaa, mahali palepale penye doa, kwa sekunde chache, kisha sabuni na maji mara moja. Inakauka haraka na haiachi utando wa mafuta kama dizeli. Spiriti ya kidonda inayouzwa chemisti haina nguvu sana juu ya nta ngumu, lakini ni nzuri kufuta mafuta yaliyobaki, ili mwenye gari aone rangi halisi ya plastiki yake baada ya kazi. Rangi hiyo halisi huenda isimfurahishe. Bampa iliyoungua na jua itabaki kijivu hata nta yote ikitoka, na pale suluhisho ni kuipaka rangi ya plastiki au kukubali kwamba gari lina umri wake.

Pingamizi zito zaidi halihusu kemia. Ni hili: Probox ni gari la kazi. Linabeba omena kutoka Mbita, mahindi kutoka Kuria na abiria kupita idadi iliyoandikwa. Nani ana muda wa kusugua bampa kwa mswaki? Mtu akisema hajali weupe wa bampa, sina ugomvi naye hata kidogo, na ninamshauri aache kabisa kulipia nta. Atapunguza gharama na madoa kwa pamoja. Lakini wengi hawasemi hivyo. Wengi wanajali, ndiyo maana wanalipa, na wanalipa mara kwa mara. Gari lililotumika huuzwa kwa macho kabla ya kuuzwa kwa injini. Mnunuzi huanza kulizunguka, na madoa meupe kwenye plastiki humwambia gari limechoka hata kama injini ni nzima. Kwa anayejali, swali ni hela yake inanunua nini. Hivi sasa inanunua weusi wa siku tatu.

Tusimtwishe mwosha magari lawama yote. Aghalabu yeye hulipwa kwa gari, si kwa saa, na mteja anasimama pembeni akitazama simu na kuuliza kama bado. Kusugua plastiki kwa mswaki kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuosha gari lote. Katika mpango huo wa malipo, dizeli ndiyo jibu la akili: inatoa matokeo yanayoonekana kwa dakika mbili, na hasara yake inamfikia mwingine siku nyingine. Kumfundisha kijana huyo kemia ya nta bila kubadilisha anacholipiwa ni kumpotezea muda. Afadhali mteja aseme wazi mambo mawili: nta isiguse plastiki, na kazi ya kuondoa iliyokauka italipwa kivyake, kwa bei iliyokubaliwa, mara moja. Ikishatoka haihitaji kuondolewa tena isipokuwa ikipakwa tena. Hapo hesabu inageuka: malipo makubwa ya siku moja dhidi ya malipo madogo yasiyoisha. Wala hoja kwamba mafuta ya taa ni rahisi haina nguvu kama zamani, kwani tangu Septemba 2018 serikali ilipoyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, yamekoma kuwa kiyeyusho cha maskini.

Inabaki habari ya maji yanakokwenda. Kuosha magari kandokando ya maji ni mazoea ya muda mrefu katika ukanda wa ziwa. Ufuo wa Lwang'ni huko Kisumu umekuwa mfano unaotajwa mara nyingi. Mto Migori huungana na Kuja, na Kuja huingia ziwani Nyatike. Kinachosuuzwa kwenye kingo zake hakina njia nyingine. Watu husema, na wanasema kwa hoja, kwamba ziwa lina maradhi makubwa kuliko kitambaa cha dizeli: maji taka ya miji, mbolea na udongo unaosombwa kutoka mashambani, gugumaji. Ni kweli. Ukipanga madhara kwa ukubwa, bampa haitakuwa karibu na juu ya orodha. Lakini hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama dizeli ingekuwa inaondoa nta, tukawa tunachagua kati ya gari safi na maji safi. Hatuna uchaguzi huo. Tunamwaga mafuta mtoni kwa kazi ambayo mafuta hayo hayaifanyi. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi na maji yake hubadilishana polepole na ziwa kuu, na mji wa Homa Bay hunywa maji ya ghuba hiyohiyo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za ubora wa maji zinakataza kuchafua maji. Sabuni nayo si ya kumwagwa mtoni. Ndoo mbili na kipande cha ardhi kilicho mbali na kingo vinatosha kwa bampa moja.

Yote haya yangeweza kuepukwa kwa tepu ya karatasi, ile wanayoibandika wapuliza rangi. Kabla ya nta kufunguliwa, tepu hubandikwa kwenye mpaka wote wa plastiki na bati, kuzunguka vitasa na chini ya vioo. Gari huwekwa kivulini ili nta isikauke kabla ya kufutwa. Kitambaa cha nta hakichanganywi na cha plastiki. Na ikiteleza ikagusa bampa, hufutwa papo hapo kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ikiwa bado laini. Kwa Probox yenye bampa nyeusi nzima, mbele na nyuma, nta inaishia pale bati linapoishia. Anayetaka kuikinga plastiki yenyewe na jua atafute dawa ya plastiki ya majimaji, isiyo na mafuta ya petroli, aipake kidogo kwenye bampa iliyosafishwa ikakauka, na afute ziada. Na kwa gari linalopita barabara ya vumbi kila siku, nta mara moja kwa miezi mitatu au minne inatosha. Wiki zote zilizobaki, bampa haidai zaidi ya maji, sabuni na brashi.